Kutafuta Mpaka wa Tunduma Mjini Berlin

Kwetu Tunduma mtoto anajua kuvuka nchi kabla hajajua kusoma. Anatumwa chumvi, anaingia Nakonde, anarudi na chenji ya kwacha. Bibi yangu mzaa mama amezikwa Nakonde, mjomba anaishi Tunduma, na sisi Wanyamwanga wa pande zote mbili tunasalimiana kwa Kinyamwanga kilekile. Kwa hiyo nilipopata mafunzo ya siku tano ya uandishi wa habari mjini Berlin, ule Mnara wa Televisheni wenye mita 368 haukunitoa udenda. Nilitaka kuiona nyumba ambamo ukoo wetu ulikatwa vipande viwili.

Nyumba yenyewe tuliikariri shuleni: kwa Bismarck, Wilhelmstraße namba 77, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa mezani, na Mwafrika hata mmoja hakualikwa.

Nilianza kama wageni wote, Lango la Brandenburg, nikapiga picha kama wageni wote. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Nilipita mahali penyewe mara mbili bila kujua. Hakuna nyumba, ndugu msomaji. Jengo liliharibiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na eneo lile sasa lina maghorofa ya kuishi ya enzi za Ujerumani Mashariki. Namba nayo imebadilika, ni 92. Kilichopo ni bango la maelezo kando ya njia. Mama mmoja alipita na mbwa wake, akanitazama jinsi ninavyolikodolea macho, akaendelea na safari.

Usiku ule, hotelini, nikarudia kusoma historia yangu vizuri, na hapo nikaona kuwa tuliyokariri yalikuwa na kasoro. Mkutano ule haukuchora mpaka wa Tunduma. Ulijadili biashara katika bonde la Kongo, safari za meli kwenye mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kudai pwani mpya. Mstari wetu ulikuja na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, uliosainiwa Berlin hiyohiyo, wakati Bismarck ameshaondoka madarakani na kiti kimekaliwa na Caprivi. Ni ule mkataba unaokumbukwa kwa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Sisi wa huku ndani hatutajwi.

Ila tumo. Mstari unaanzia pale Mto Songwe unapoingia Ziwa Nyasa, unapanda na mto, kisha unaenda kushika ukingo wa bonde la Kongo hadi longitudo ya 32, halafu unakata kwenda Mto Kalambo na Ziwa Tanganyika. Na huo ukingo wa bonde waliutoa wapi? Kwenye ramani iliyoambatanishwa na kumbukumbu za mkutano wa kwa Bismarck. Kwa hiyo nyumba ile haina hatia ya moja kwa moja, lakini penseli ilitoka mlemle. Waingereza walikuwa na lao pia: walitaka Barabara ya Stevenson, inayotoka Karonga kuelekea Tanganyika, ibaki upande wao. Barabara ilijadiliwa. Watu, sijaona.

Kesho yake nikaenda Makumbusho ya Historia ya Asili, Invalidenstraße, kumwona mjusi wa Tendaguru. Bwana, picha zinadanganya. Ana mita 13 na ushee kwenda juu. Nilisimama chini ya mbavu zake nikajiona kifaranga. Mifupa ile ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Maji Maji, na wapagazi waliibeba vichwani na mabegani hadi bandarini. Watoto wa shule wa Kijerumani walikuwa wamekaa sakafuni wakimchora. Niliwaonea wivu, siwezi kuficha: mtoto wa Lindi atamchora kutoka wapi? Nikakumbuka kimondo chetu cha Mbozi, kipo palepale Ndolezi. Labda kimepona kwa sababu ya uzito.

Nilimalizia Neukölln, kwenye mtaa uliobeba jina la Wissmann, gavana wa zamani wa koloni, hadi 2021. Sasa unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wetu kutoka Moshi. Niliposoma kibao kile nilicheka peke yangu barabarani.

Jioni nikampigia mjomba. Nilikuwa nimemtumia picha ya bango.

"Nyumba yenyewe iko wapi sasa?"

"Mjomba, haipo. Ilibomoka vitani."

Akanyamaza kidogo. "Na mpaka?"

"Mpaka upo."

"Aya. Mimi niko huku Nakonde na mafundi, tunajengea kaburi la bibi yako. Saruji imepungua mifuko miwili, natuma mtu avuke akachukue Tunduma."