Picha zimetoweka kwenye simu? Litafute faili la ".nomedia"

Mtu anaweka kwenye simu yake programu ya kuficha picha. Siku chache baadaye anafungua matunzio, pale simu inapoonyesha picha zote, na kukuta picha za harusi ya mwanawe hazipo. Lakini akiangalia nafasi iliyobaki kwenye simu, haijaongezeka. Hiyo ni dalili kwamba huenda picha bado zipo, ila simu imeambiwa isizionyeshe.

Mara nyingi anayetoa amri hiyo ni faili liitwalo .nomedia. Kwa kawaida ukubwa wake ni baiti 0, yaani ndani hamna kitu. Jina lake tu linatosha. Simu ya Android ikilikuta kwenye folda, huiruka folda hiyo inapokusanya picha, video na nyimbo za kukuonyesha. Si kirusi. Hata WhatsApp hulitumia, ndiyo maana picha ulizowatumia watu hazijirudii kwenye matunzio. Shida ni pale programu inapoliacha kwenye folda ya picha zako.

Kabla ya kuligusa, tunakuomba sana usiiondoe kwanza ile programu. Baadhi ya programu za kuficha huzihamishia picha kwenye folda yao wenyewe ndani ya Android/data, na ukiiondoa programu, simu hufuta folda hiyo na vyote vilivyomo. Ifungue, zirudishe picha zilizofichwa, kisha nakili zile muhimu kwenye kadi ya kumbukumbu au simu nyingine.

Sasa fungua programu ya mafaili, ingia kwenye mipangilio yake na uwashe sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Bila hivyo hutaliona, kwa sababu jina linaloanza na nukta hufichwa, desturi ya zamani ya kompyuta za Unix iliyofika hadi kwenye simu zetu. Nenda kwenye folda yenye picha zako. Ukilikuta, bonyeza maelezo yake usome tarehe na saa. Je, inalingana na siku uliyoweka ile programu?

Tarehe peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Kwa kuwa faili ni tupu, lifute lenyewe tu (si folda!), zima simu na uiwashe. Picha zikirudi, fungua tena ile programu uliyoishuku na uitumie kama kawaida, halafu rudi kwenye folda. Faili likiwa limezaliwa upya, umempata aliyeliweka. Hapo ndipo unaweza kuiondoa programu hiyo, mradi picha zako zimeshanakiliwa.

Mafaili ya .nomedia yaliyo ndani ya folda za WhatsApp yaache. Ukiyafuta hutapoteza picha, ila matunzio yatajaa picha zilezile mara mbilimbili.