Kinyonga wa milimani hatunzwi kama wa pwani

KINYONGA anayeokotwa kwenye ua wa shamba karibu na Karatina na kupelekwa Mombasa huenda akafa kwa joto kabla ya mchukuzi wake kung'amua alipokosea. Ingawa viumbe hawa huitwa kwa jina moja, wao ni wa aina nyingi, na kila aina ina mahitaji yake.

Kwanza, ijulikane kuwa kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu uhifadhi wa wanyamapori nchini Kenya hairuhusu mtu kumfuga bila leseni, nayo biashara ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES.

Maarufu zaidi katika eneo la Mlima Kenya ni kinyonga wa Jackson, ambaye dume lake lina pembe tatu. Yeye huhitaji nyuzi 21 hadi 27 za sentigredi mchana, na usiku ubaridi wa nyuzi 15 hivi au chini ya hapo. Joto likizidi nyuzi 30 kwa muda mrefu, maisha yake huwa hatarini. Jike hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Mwaka 1972 vinyonga hawa walipelekwa Hawaii kwa biashara, wakaponyoka na kustawi katika sehemu zenye unyevu.

Kinyonga wa Höhnel, mwenye kichwa kilichoinuka mithili ya kofia, pia huzaa watoto hai na hupenda ubaridi.

Kinyume chao ni kinyonga mwenye ndewe shingoni, Chamaeleo dilepis, apatikanaye pwani na kwingineko. Huyu hustahimili joto, na jike hutaga mayai ardhini. Akikosa udongo laini wenye unyevu wa kuchimba, mayai huweza kukwama tumboni na kumuua.

Yapo mahitaji ya wote. Kila mmoja akae peke yake, kwani madume hupigana. Kizimba kiwe cha wavu, chenye matawi na hewa ya kutosha. Aghalabu kinyonga hanywi maji bakulini. Hulamba matone majanini, hivyo majani yanyunyiziwe maji kila siku. Apate jua lisilopitia kioo, pamoja na kivuli cha kujificha, la sivyo mifupa yake hudhoofika. Chakula chake ni wadudu hai kama panzi na nzi, wasiotoka katika mashamba yaliyopuliziwa dawa.

Wako pia wasiofaa kuguswa kamwe. Kinyongia excubitor, wa misitu ya Mlima Kenya, yumo hatarini kutoweka, naye Trioceros schubotzi huishi juu mlimani, kwenye baridi kali ya usiku isiyopatikana nyumbani.

Kwa mkazi wa Karatina asiye na leseni, utunzaji bora ni kumwacha kinyonga uani. Hana sumu, wala hapaswi kuuawa kwa hofu. Huko ana ubaridi, umande na wadudu, mambo ambayo mfugaji wa mbali huyatafuta kwa gharama.