Mkebe wa Ndururu

Mwaka nilioacha chuo, shosho aliniita chumbani kwake, akavuta mkebe wa mafuta ya kupikia kutoka chini ya kitanda na kuniambia, "Uza hizi, urudi shule."

Ndani kulikuwa na pesa za zamani, zile senti zenye shimo katikati. Nyingine zilikuwa zimetungwa kwenye uzi wa katani kama shanga. Zilikuwa za mamake, aliyefanya kibarua cha pareto kwenye shamba la mzungu huku kwetu, kabla Chaka haijawa mji wa nyama choma na soko kubwa la barabara ya Nanyuki.

Shosho alikuwa ameambiwa na mtu kanisani kwamba pesa za zamani zinanunuliwa kwa bei ya gari. Mimi pia nilikuwa nimeziona hizo stori. Kila baada ya miezi michache kuna mtu mtandaoni anayeapa kwamba sarafu ya shilingi 40, ile ya 2003 yenye uso wa Kibaki, itakufanya tajiri. Nyeri stori hiyo inaaminika haraka zaidi, maana Kibaki ni wa Othaya, wa hapa hapa. Lakini sarafu hiyo ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, watu wakaificha kwenye droo kwa sababu ilikuwa tofauti. Kitu ambacho kila nyumba imekificha kitakuwaje adimu?

Hata hivyo sikumwambia shosho hapana. Nilichukua mkebe, nikakaa nao wiki mbili nikizisugua na kuzisoma. Sikuwa na kazi nyingine, tuseme ukweli.

Sarafu zile zina pembe mbili za ndovu zilizozunguka shimo. Zina jina la mfalme kwa Kilatini, lakini hazina uso wake, kwa kuwa shimo limechukua mahali ambapo kichwa kingekaa. Nyingi zilikuwa za George wa Tano na wa Sita. Halafu nikapata tatu za 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII, nikasimama. Huyu Edward alitawala Uingereza kuanzia Januari 1936 hadi Desemba mwaka huo huo, akaachia kiti cha ufalme ili amuoe mwanamke Mmarekani aliyewahi kutalikiwa. Kwao Uingereza hakuna sarafu yenye jina lake iliyowahi kuingia sokoni, aliondoka mapema mno. Huku Afrika Mashariki, kwa vile senti zenye shimo hazikuhitaji picha ya kichwa, zilikuwa zimeshatengenezwa. Yaani Mwingereza wa London hakuwahi kununua mkate kwa pesa ya huyo mfalme, lakini mama wa pareto wa Chaka alikuwa nayo kwenye mkebe.

Nilidhani nimeomoka. Nikapanda matatu hadi Nairobi kumwona jamaa anayekusanya sarafu. Aliziangalia kwa heshima, akaniambia zilitengenezwa kwa mamilioni. Pesa aliyotaka kunipa kwa mkebe mzima ingenirudisha Chaka na kuninunulia chai njiani. Nikarudi na mkebe wangu.

Tangu hapo nimekuwa mkusanyaji, bila kupanga. Na kadiri ninavyokusanya ndivyo ninavyoona kwamba pesa ikibadilika, hasara inaanzia chini. Kabla ya senti za shosho kulikuwa na rupia, iliyoletwa kutoka India. Neno pesa lenyewe lilitoka huko, na Wakikuyu wakaligeuza likawa mbeca. Mwaka 1920 rupia ikaondolewa, ikaja florini. Mwaka 1921 florini nayo ikaondolewa, ikaja shilingi. Fikiria wewe ni kibarua hujui kusoma, na ndani ya miaka miwili pesa mfukoni mwako imebadilishwa jina mara mbili na watu walioketi ofisini. Mwaka huo huo wa 1921 wenye mashamba wakakata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hasira hiyo ndiyo iliyojaza watu nyuma ya Harry Thuku, na alipokamatwa Machi 1922, polisi wakaua waliokwenda Nairobi kumdai.

Shilingi yetu wenyewe ilikuja Septemba 1966, na senti tano ya Kenya haikuwa na shimo tena. Polepole zikafa zote. Ndururu, yaani senti tano, haipo, ila bado tunasema "sina hata ndururu". Thumni, yaani senti hamsini, nayo imebaki mdomoni. Ukifuatilia Kiarabu, thumni ni sehemu ya nane, wakati senti hamsini ni nusu ya shilingi. Jina ni la hesabu ya pesa nyingine, iliyokufa zamani zaidi.

Desemba 2018 Benki Kuu ilipozindua sarafu mpya zisizo na nyuso za marais, kama Katiba ya 2010 inavyotaka, kulikuwa na simba, ndovu, kifaru na twiga. Twiga ndiye shilingi moja. Thumni haikuwemo, na sikumbuki mtu yeyote akiililia. Wamarekani angalau waliiaga senti yao: Novemba 2025, kule Philadelphia, walipiga ya mwisho ya matumizi, baada ya kuitengeneza tangu 1793. Kila moja ilikuwa inawagharimu zaidi ya senti tatu na nusu.

Sasa ni zamu ya bob. Hakuna aliyetangaza, lakini tembea soko la Chaka uone. Sukuma ni ya kumi au ya ishirini. Dhania ni ya kumi. Supamaketi wameandika 199, ukitoa mia mbili unaambiwa "sina bob, chukua switi", au huambiwi chochote. Halafu mafuta ya petroli yanatangazwa kila mwezi kwa shilingi na senti, senti ambazo hakuna mtu anaweza kukuwekea mkononi. Ukilipa kwa simu, 199 inabaki 199. Anayelipa kwa chuma na karatasi ndiye anayeacha bob dukani, na huyo mara nyingi ni shosho wangu. Canada walipoondoa senti yao 2013 waliwaandikia wenye maduka namna ya kukadiria, juu au chini kutegemea hesabu. Mimi switi yangu haijawahi kukadiriwa kwenda chini.

Nilipomrudishia mkebe, shosho hakuuliza bei. Alitoa zile nyuzi, akanieleza kitu ambacho wiki mbili za kusoma hazikunionyesha: kila uzi ni ndururu ishirini, shilingi moja kamili. Mamake hakuenda shule, hivyo ndivyo alivyohesabu.

Nikahesabu. Uzi wa kwanza ishirini, wa pili ishirini. Wa tatu ulikuwa na kumi na tisa. Nikahesabu tena.

"Usisumbuke," shosho akasema, akiangalia dirishani. "Hiyo moja nilinunua sukari guru. Alinichapa, lakini hakujua ni ngapi nilichukua kwa mkebe wote."