Umehofia kuambukizwa Ukimwi? Hesabu saa kwanza, kisha wiki

Wako wanaokimbilia kupimwa siku mbili tatu baada ya tukio, wakaambiwa hawana virusi, wakarudi nyumbani roho safi. Majibu hayo ni ya kweli, lakini yanaeleza hali yao ya kabla ya tukio. La juzi bado halijaonekana.

Saa 72 za mwanzo

Ikiwa kondomu imepasuka, umebakwa, umedungwa na sindano iliyotumika au mmechangia sindano, jambo la kwanza ni dawa. Nenda hospitali uulizie PEP. Dawa hizi huanzwa ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Utapimwa kabla ya kuanza, ili ijulikane kama ulikuwa na virusi tangu hapo. Usingoje Jumatatu, nenda hata usiku, kitengo cha dharura.

Kwa nini kipimo husubiri

Kipimo cha haraka cha kudunga kidole hakitafuti kirusi chenyewe. Aghalabu hutafuta askari ambao mwili huwaunda kupigana nacho, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia idadi ya kuonekana. Katika muda huo mtu huonekana hana, ilhali virusi damuni ni vingi mno na ni rahisi kumwambukiza mwenziwe. Hapo ndipo mke au mume asiye na habari huponzeka.

Kalenda ya kufuata

Pima mara moja, ujue ulipoanzia. Rudia baada ya wiki sita. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachotafuta pia chembe ya kirusi, huweza kutoa jibu la kutegemewa baada ya siku 45. Kwa kipimo cha kidole au cha kujipima mwenyewe kwa ute wa mdomoni, jibu la mwisho ni baada ya miezi mitatu, mradi hapakutokea tukio jingine katikati. Aliyemeza PEP afuate tarehe za kliniki, kwani dawa huweza kuchelewesha alama. Ukijipima nyumbani ukaona una virusi, hilo si jibu la mwisho. Nenda kituoni uthibitishiwe.

Hadi hapo, tumia kondomu au jizuie, na usitoe damu.

Usitegemee dalili. Homa, koo kuuma na vipele huweza kuja wiki mbili hadi nne baadaye, lakini huku kwetu homa hufanana na malaria, na wengine hawahisi chochote.

Posa na sitara

Familia nyingi hutaka maharusi wapimwe kabla ya nikaha. Ni nia njema, ila kipimo cha wiki ya harusi hakioni ya mwezi uliopita. Na kifanywe kwa ridhaa: sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aolewe, aajiriwe au atibiwe, na majibu ni siri yake.

Vituo vya serikali hupima bure. Akipatikana na virusi, ARV humpa mtu umri na familia. Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kitandani. Kumsitiri ndugu yako ni kumsindikiza kliniki bila kumsema mtaani.