Simu maana yake waya

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Juni 2024 nilimwambia mama mmoja mwenye saiba hapa Kondele kwamba intaneti yake inasumbua kwa sababu kebo zimekatika chini ya bahari, huko mbali karibu na Afrika Kusini. Na kebo zilikuwa zimekatika kweli, mwezi mmoja nyuma. Lakini shida yake haikuwa baharini. Shida yake ilikuwa mimi.

Turudi nyuma kidogo. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili. Karo ilikataa, na kusema ukweli mimi pia nilikuwa nimechoka. Nikarudi Kisumu kwa mathe, ambaye huuza mitumba Kibuye, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kurekodi video na kulala. Siku moja mathe akapokea pesa ya chama. Badala ya kuongeza stoki, akanilipia kozi ya miezi mitatu kwa kacollege kadogo hapa tao, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Pakeji za kompyuta pamoja na mtandao. Nilikasirika kimoyomoyo. Pakeji? Mimi? Mtu mwenye wafuasi elfu kadhaa afundishwe kufungua folda?

Mwalimu wetu tulimwita Japuonj tu, mzee mpole wa suti moja aliyefanya kazi ya simu tangu zile enzi za Posta. Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Aliuliza swali moja: intaneti hutoka wapi? Darasa zima tukanyoosha vidole juu. Wengine walisema masti, wengine setilaiti, msee mmoja akasema "kwa klaudi, Japuonj", tukacheka. Mzee akachukua simu yangu mezani, akaiinua, akauliza: hii mnaiita nini? Simu. Na kile kikadi kilicho ndani? Laini.

Akasema neno simu lilitoka kwa Waajemi, na kwao sim ni waya. Laini nayo ni ule mstari wa waya uliokuwa ukiunganishwa hadi nyumbani kwako. Kwa hivyo mnatembea na waya ndani ya waya, akasema, halafu mnanyoosha vidole mbinguni.

Manze, hapo ndipo aliponishika. Nilikaa usiku huo nikisoma hii historia kwa simu, yaani kwa waya, hadi bando ikaisha.

Waya wa kwanza wa telegrafu kufika upande wetu wa Afrika uliingia Unguja mwaka 1879. Ulitoka Aden kwa chini ya bahari, ukapita Unguja, ukaendelea kusini hadi Durban. Kwa nini mwaka huo? Kwa sababu Januari 1879 Wazulu waliwachapa Waingereza pale Isandlwana, na habari ilichukua karibu wiki tatu kufika London. Serikali yao ikaona haiwezi kuendesha himaya na barua za meli. Ukweli ni huo: waya haukuletwa ili sisi tuongee. Uliletwa ili mkubwa wa mbali ajue haraka kama askari wake wamepigwa. Mombasa ikaunganishwa na Unguja mwaka 1890.

Kisumu ilifikiwa na reli. Mnajua reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence kwa jina la mke wa injinia Ronald Preston. Kitu ambacho shuleni hawakutuambia ni kwamba reli haikutembea peke yake. Kando yake kulikuwa na nguzo, na juu ya nguzo kulikuwa na waya wa telegrafu. Treni bila waya ni ajali inayongojea, kwa sababu stesheni zinafaa kuambiana nani yuko njiani.

Sasa hapa ndipo historia inanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Waya huo ulipita karibu na nchi ya Wanandi, na Wanandi hawakuwa wameulizwa. Wakiongozwa na Koitalel arap Samoei walishambulia reli kwa miaka, wakachukua waya, na sehemu yake wakaigeuza mapambo ya mwili. Vyuma vya reli vikawa silaha. Vitabu vya wakoloni vinawaita wezi. Fikiria tu: msee anapitisha mali yake ya thamani katikati ya shamba lako, anaitumia kuita askari waje wakupige, halafu ukikata wewe ndiye mwizi. Koitalel aliuawa Oktoba 1905, alipoitwa kwa mazungumzo ya amani na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen.

Miaka mia baadaye waya za shaba zilikuwa zinakatwa tena Kenya nzima, safari hii zikiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Sitaki kulinganisha mambo mawili yasiyofanana. Ila Japuonj alisema wizi huo ndio uliomfundisha kazi, maana kila wiki alikuwa akipanda nguzo kuunganisha kilichokatwa. Simu ya nyumbani ilikufa polepole mbele ya macho yake. Waliokuwa wameomba laini na kungoja miaka walinunua simu ya mkononi, wakaacha kungoja.

Na wale walionyoosha vidole juu hawakuwa wajinga kabisa. Wangejibu hivyo mwaka 2005 wangepata alama zote. Intaneti ya Kenya ilipoanza miaka ya 1990, njia yake ya kutoka nje ilikuwa setilaiti, bei kali, mwendo wa kobe. Kulikuwa na kichekesho kimoja: ukimtumia jirani yako barua pepe, wewe ukiwa kwa kampuni moja ya intaneti na yeye kwa nyingine, inapanda angani, inaenda ng'ambo, inarudi chini, ndiyo imfikie mtu mnayeonana naye kwa dirisha. Mwaka 2000 kampuni za intaneti ziliweka kituo Nairobi cha kubadilishana data hapahapa nchini, KIXP. Kilifungwa ndani ya wiki mbili baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba haki ya kazi hiyo ilikuwa yake peke yake. Kikaruhusiwa tena mwaka 2002.

Halafu 2009 ikaja, na mimi nilikuwa mtoto wa chekechea nikila udongo Manyatta. Juni mwaka huo kebo ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah huko Emirati, safari ya kilomita kama 5,000. Julai SEACOM ikawashwa. Mwaka uliofuata EASSy. Ndani ya hizi kebo hakuna shaba ya kubeba maneno, kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga unakimbia ndani. Aliyeonyesha mwaka 1966 kwamba kioo kikiwa safi vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano kwa umbali mrefu ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka huohuo wa 2009.

Kutoka Mombasa mwanga huo unapanda Nairobi, unapita Nakuru, unateremka Kisumu. Iangalie ramani. Karibu ni njia ileile ya 1901.

Basi, darasani. Wiki ya tano Japuonj alitupa kipande cha kebo ya kawaida, ile ya kijivu inayotoka kwa ruta, na vichwa vya plastiki vya RJ45. Ukichuna koti unapata waya nane ndogo, zimesokotwa mbilimbili: chungwa na nyeupe yake, kijani na nyeupe yake, bluu, kahawia. Kwa nini zimesokotwa? Bell, yule yule wa simu, alisajili wazo hilo mwaka 1881. Waya mbili zikisokotana, kelele ya umeme kutoka nje inazigusa zote mbili karibu sawa, na upande wa pili inafutika. Kila jozi inajilinda yenyewe.

Mpangilio ni huu, na nawaandikia kwa sababu ulinigharimu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia hapo katikati. Kijani haikai na mwenzake. Bluu wawili wameingia kati yao kama watoto kitandani. Nikauliza kwa nini tusipange kila mtu na bibi yake, ndiyo ikae sawa? Japuonj akajibu kwamba bluu wanakaa katikati kwa sababu hapo ndipo laini ya simu ya zamani ilipokuwa inaingia, na kompyuta ikajipanga kuizunguka. Mimi nilikuwa naangalia simu, sikuandika.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilianza kusota. Mnakumbuka? EASSy na SEACOM zilikuwa zimeharibika upande wa Afrika Kusini. Jumatatu darasa lilikuwa kimya, kila mtu amekaribia mbele. Japuonj alituchorea bara zima ubaoni, akatuambia pia kuhusu Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliposhusha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS. Nanga moja! Nikatengeneza video kuhusu hiyo. Ikapendwa sana. Nikajiona injinia.

Kwa hiyo huyu mama wa Kondele aliponiuliza kama naweza kumwekea kebo kwa mashine mbili za chumba cha nyuma, nikasema "rahisi tu, mathe". Mita 40 kupita juu ya dari. Tulielewana 3,000, akanipa 1,500 mkononi. Nikapanga rangi nilivyoona inapendeza, kila moja na jozi yake, pande zote mbili. Nikaweka testa. Taa zikawaka moja, mbili, tatu, hadi nane, bila kuruka. Nikaenda nyumbani nikamnunulia mathe samaki.

Siku tatu baadaye simu. "Nyathina, hizi mashine zako za nyuma zinaninginia. Watu wanajaza fomu za HELB zinakatikia katikati, wanataka pesa yao." Ndipo nikamwaga ule uongo wa bahari. Akanisikiliza vizuri sana, kwa heshima, halafu akauliza: "Na hizi za mbele mbona zinafanya? Ziko bahari gani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikaenda kwa Japuonj nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akapanda boda nami hadi Kondele bila kuuliza malipo. Hakushika testa. Alichomoa kichwa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akatazama rangi kupitia plastiki kwa sekunde mbili hivi. "Umewatenganisha," akasema.

Ilikuwa hivi. Mashine inatumia shimo la tatu na la sita kama jozi moja. Nilivyopanga mimi, la tatu lilikuwa nyeupe-kijani na la sita bluu, waya mbili ambazo hazijasokotana. Testa ya bei rahisi inaangalia tu kama waya umefika upande wa pili, na wangu ulikuwa umefika. Lakini kile kinga cha 1881 hakikuwepo tena, kwa hivyo kwa mita 40 kelele ya jozi moja ilikuwa inaingia kwa nyingine. Tukakata vichwa vyote, nikapanga upya yeye akiwa amesimama mgongoni kwangu, mikono ikinitetemeka kama niko mtihani wa taifa. Mashine zikaamka. Mama hakunilipa ile 1,500 iliyobaki, na sikuiomba. Wateja wake walikuwa wameshaondoka na pesa zaidi ya hiyo.

Halafu ikafika Jumanne, 25 Juni. Siku ile sote tunaikumbuka. Kondele kulikuwa na moshi, na mimi nilikuwa nyumbani nikijaribu kupakia video isiyotaka kupanda. Simu ikalia, ni yeye, amefunga shata yuko ndani na binti yake.

"Nyathina, umeniharibia tena?"

"Mathe, hebu tuma kitu kwa printa kutoka mashine ya nyuma kabisa."

Nikangoja. Nikasikia printa ikilia kule nyuma, krii, krii.

"Imetoa."

"Basi waya wako ni mzima. Shida iko nje ya nyumba yako. Safaricom wametangaza kebo mbili za chini ya bahari zina hitilafu."

Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuzima intaneti. Alikuwa ameisikia kwa redio. Akanyamaza kidogo, nikasikia binti akimuuliza kitu kwa Kijaluo.

"Mbili kati ya ngapi?" akauliza.

Nikaanza kumhesabia. TEAMS, SEACOM, EASSy, LION2, PEACE. Nilipofika ya tano akanikatiza, akaniambia ngoja achukue kalamu.