Amianti ndani ya mawe: juu ya nini kuipima ni kazi ngumu

Mu Nyakasanza, sawa na mitaa mingine ya Bunia, mtu anayejenga ananunua mawe na kokoto bila kuuliza zimetoka kwa mwamba gani. Upande wa Mongbwalu, watu wanatwanga mawe ya dhahabu na vumbi inawafunika mpaka kope. Mara nyingi hatari kubwa ya vumbi hiyo ni silika. Lakini kuna nyingine: amianti, ile wengine wanaita asbesto.

Wengi wanaijua kwa mabati ya zamani tu. Kumbe ni madini ya nyuzi nyembamba sana, yanazaliwa ndani ya mwamba wenyewe, zaidi ile ya kijani iliyobadilishwa na joto la ardhi. Mkanda wa dhahabu wa Kilo una miamba ya jamii hiyo. Hii haisemi kwamba kila jiwe la kijani lina amianti. Inasema kupima kuna maana. Mwaka 1960, madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba amianti ya buluu inaleta kansa ya ngozi inayofunika mapafu, hata kwa watu walioishi tu karibu na migodi. Ugonjwa unaweza kungoja miaka 20 hadi 40.

Mu laboratwari, shida inaanza na kusaga. Jiwe likibaki nene, nyuzi zinajificha ndani. Likisagwa kupita kiasi, nyuzi zinavunjika na hazitambulikani tena. Njia ya California ya 1991 inahesabu pointi 400 chini ya mikroskopu, kwa hiyo pointi moja tu ni asilimia 0.25. Mikroskopu ya kawaida haioni nyuzi nyembamba kabisa. Mashine ya eksirei inataja jina la madini, lakini haisemi kama ni nyuzi ao vipande vya kawaida. Ile ya elektroni inaona vyote viwili, ila bei yake ni kali.

Tena, amianti inakaa kwa mishipa. Jiwe moja kutoka kariere nzima halitoshi. Inafaa kuokota sehemu nyingi, kuchanganya, kisha kupima. Karatasi ikiandika «haikuonekana», mnunuzi aulize: mashine gani, na mawe mangapi?

Wakati wa kungoja majibu, mawe yamwagiwe maji mbele ya kuvunjwa, na nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani karibu na watoto. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii nyuzi hizo.