Emoit Anayerudi Kesho: Adui Mtundu na Watoto wa Todonyang

Mtoto wa Todonyang humjua emoit, yaani adui, kabla hajajua kusoma. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Turkana, pale Kenya inapoishia na delta ya Mto Omo inapoanza. Tulipokuwa wadogo tulipanga kokoto zikawa mbuzi, mawe makubwa yakawa ngamia, tukazungushia zizi la miiba. Kisha mmoja wetu alilazimishwa kuwa emoit: avamie, apore, akimbizwe, auawe. Hakuna aliyeitaka nafasi hiyo, kwa hiyo walipewa wanyonge. Na aliyeuawa alikaa pembeni hadi jioni, maana sheria ya mchezo ilikuwa kwamba emoit akifa harudi.

Mchezo huo una historia, nayo si ya tangu enzi na enzi kama wengi wanavyodhani. Emoit wetu ni Wadassanech, majirani wa upande wa Ethiopia ambao sisi Waturkana huwaita Merille. Kwa jadi walilima mtama kwenye tope lililoachwa na mafuriko ya Omo. Waturkana walikwenda huko na mbuzi wakarudi na nafaka. Watu wa pande mbili walikuwa na marafiki wa kupeana mifugo, na miaka ya ukame urafiki huo uliokoa maisha. Uvamizi ulikuwepo, lakini baada yake watu walirudi sokoni.

Bunduki ndiyo iliyoharibu hesabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 silaha ziliteremka kutoka mji wa Maji, Ethiopia. Waingereza wakawapiga Waturkana katika operesheni kubwa ya mwaka 1918 na kuwanyang'anya bunduki, huku majirani wa ng'ambo ya mpaka wakibaki na zao. Chuki nyingi tunayoiita ya jadi ilikomaa katika miaka hiyo. Mwaka 1979 ghala la silaha la Moroto, Uganda, liliporwa Idi Amin alipoanguka. Mwaka 1991 utawala wa Mengistu ukaanguka Ethiopia. AK-47 zikajaa malishoni. Mapema Mei 2011 Waturkana zaidi ya 20 waliuawa eneo la Todonyang. Februari 2025 wavuvi wetu walivamiwa tena karibu na mpaka. Mtoto aliyeona hayo hahitaji kufundishwa kucheza emoit.

Mimi nilisoma mjini Lodwar, kisha nikafanya kazi ya kuonyesha filamu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, wakafuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Wafanyabiashara wakaleta jenereta, na vibanda vya video vikaota sokoni. Kuanzia mwaka 2001 shirika la FilmAid lilileta skrini kubwa za kuonyeshea filamu uwanjani usiku. Vibandani zilitawala filamu za mapigano, na baadaye sauti ya DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili. Stering, yaani shujaa, hafi; adui lazima afe. Niliwatazama watoto waliotoroka mauaji ya kweli wakishangilia maiti ya adui, nami nikaikumbuka sheria yetu ya kokoto.

Makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei yalipoanzishwa mwaka 2016, nilifahamiana na mfanyakazi mmoja kutoka Japani aliyekuwa na katuni za nyumbani kwao kwenye kompyuta. Zinaitwa Anpanman, nasi tukawaonyesha watoto. Shujaa wake ana kichwa cha mkate, na akikutana na mwenye njaa humega kipande cha uso wake akamlisha. Adui wake, Baikinman, hupigwa ngumi akarushwa angani, na kipindi kinachofuata yupo tena na hila mpya. Ila watoto walimpenda zaidi Kokinchan, mdogo wake Dokinchan ambaye ni mwenzake Baikinman. Ni kitoto cha buluu kisicho na adabu: kikinyimwa kitu hulia, na yeyote anayerukiwa na machozi yake huanza kulia pia. Katikati ya kilio hicho, Kokinchan hupata alichotaka. Watoto hawakuelewa neno hata moja la Kijapani, lakini walicheka hadi wakashika mbavu. Kesho yake niliwakuta wakigombania nani awe Kokinchan. Sikuwahi kuona watoto wakigombania nafasi ya adui.

Mwenye kubuni katuni hizo, Takashi Yanase, alikuwa askari wa Japani nchini Uchina wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alionja njaa, na vita vilimchukua mdogo wake. Vita vilipoisha, aliona haki iliyohubiriwa na wakubwa imegeuka, akashikilia haki moja tu isiyogeuka: kumlisha mwenye njaa. Kitabu chake cha picha cha Anpanman kilitoka mwaka 1973, katuni za televisheni zikaanza mwaka 1988, na yeye akafariki mwaka 2013. Mtu aliyevijua vita alichagua kuwapa watoto adui ambaye haui na hauawi, na ambaye wakati mwingine hula chakula meza moja na wale aliowachokoza.

Kwetu jambo hilo lina uzito. Ugomvi wa Todonyang ni wa njaa: malisho, samaki, nafaka, na maji ya Omo yanayozuiwa sasa na bwawa la Gibe III. Katuni haitarudisha mbuzi walioporwa wala kumlinda mvuvi majini. Lakini mtoto anayecheza leo ndiye atakayeshika bunduki au jembe baada ya miaka kumi, na mchezo ndio humfundisha kama adui ni mtu wa kumalizwa au mtu wa kurudiana naye sokoni.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa pande zote mbili, walimu, serikali ya Kaunti ya Turkana na wenzao wa Omo: mnapokutana kwa mazungumzo ya amani, njooni na watoto. Wawekeeni skrini moja na sufuria moja ya chakula, wacheke pamoja. Na wewe mzazi unayesoma haya, ukiwakuta wanao wakicheza emoit, badilisha sheria ile moja: waambie emoit akipigwa, kesho anarudi mchezoni.